Karatasi Nyekundu Kwenye Mkeka wa Mama

Walipoleta habari kwamba baba mdogo Sudi amefariki, watu waliokuwa barazani walinigeukia mimi kwanza, wakingoja nilie. Wazee wenzangu wa mtaa wetu wanakumbuka jinsi alivyokuwa akinishika mkono kila alipokwenda. Nilijifunika kitenge usoni nikainama, nao wakadhani nalia. Sikuwa nalia. Harufu ya milala ya kusukia mikeka, inayochemshwa na manjano, ilikuwa imenijia puani, milala ya mama, ile aliyokuwa akiitoa chunguni ikiwa bado inafuka mvuke, vidole vyake vikiwa vya njano mpaka kwenye kucha. Nikaona haya kwamba kifo cha mtu aliyenibeba mgongoni kimeniletea harufu tu, na hasira.

Tulikaa Uvira, kwenye mtaa wa Waislamu, milima nyuma yetu na ziwa mbele. Baba aliuza vitambaa na chumvi. Sudi alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipokufa, Sudi aliletwa kwetu akiwa bado anakojoa kitandani, na mama alikuwa bibi harusi wa miezi michache tu. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kula kwa mkono wa kulia, akamtia dawa vidonda vya kichwani. Hata sisi wengine tulipozaliwa, mama aliendelea kumwita mtoto wake wa kwanza.

Ninapomkumbuka vizuri, mimi nina miaka minane hivi, naye ni kijana mrefu mwenye rangi kwenye mikono ya shati. Alichora kila mahali. Kwa fundi wa nguo alichora cherehani ukutani, kwa kinyozi alichora kichwa cha mtu chenye njia katikati ya nywele. Kule Kalundu, bandarini, wenye mitumbwi walimwita awaandikie majina kwenye mbao, naye kila mara aliongeza samaki mmoja kando ya jina, bila kuombwa. Mimi nilibeba kopo la brashi. Alinipeleka kuona kazi za wengine pia. Tulikwenda sokoni kuwatazama wanawake walioteremka kutoka milimani na vyungu, akanionyesha jinsi wanavyobingirisha gunzi la mahindi kwenye udongo mbichi ili kuacha alama. Tulipanda lori mpaka Bwegera kumwona mzee aliyechonga ngoma. Siku nyingine tulikwenda Sange, kwenye nyumba ambayo mwanamke mmoja alikuwa ameipaka milia ya udongo mweupe na majivu, na tukasimama pale juani hadi yule mwanamke akatuletea maji, akidhani tumepotea.

"Angalia," aliniambia. "Usiseme kitu. Angalia tu. Weye na minye tuko na jicho moja."

Niliamini jambo hilo kabisa. Nilidhani kweli kuna jicho ambalo watu wawili wanaweza kuwa nalo pamoja, na kwamba alichokiona yeye nilikiona mimi, hata akiwa mbali.

Mwaka ule ule surua ilipita mtaani, ikamchukua ndugu yangu Hamisi. Alikuwa ameanza kutembea. Alikwenda hatua nne, tano, akaanguka, akatutazama kama sisi ndio tuliomwangusha, kisha akainuka. Baada ya arobaini mama alimwomba baba amtafutie milala ya mikoche ya uwandani. Aliipasua, akaitia rangi, nyekundu kwa mizizi, nyeusi kwa tope la mtoni, njano kwa manjano, akaanza kusuka. Hakuzungumza sana miezi ile. Alikaa uani na ukili ukirefuka mapajani mwake. Alipomaliza kili zote akaziunga, tukaona mkeka mpana kuliko mlango.

Haukufanana na mikeka mingine. Katikati ya wekundu na njano ilipita alama nyeusi, ndogo ndogo, mbili mbili, zikienda upande huu na upande ule. Mahali pengine zilisogeana, mahali pengine zilikatika kisha zikaendelea. Halafu, kabla mkeka haujafika mwisho, zilikoma. Baada ya hapo palikuwa njano tupu.

"Ni miguu ya Hamisi," mama aliniambia siku alipoukunja. "Hapa alianguka. Hapa akasimama. Usimuambie muntu."

Akautia kwenye sanduku lake la mbao, akalifunga, akaficha ufunguo nyuma ya mtungi. Mkeka ule haukutandikwa hata siku moja.

Nilimwambia Sudi. Sikuona kwamba nimevunja neno, kwa sababu tulikuwa na jicho moja. Tulikuwa tumekaa kwenye mchanga, yeye akiosha brashi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akayafuta kwa mkono wenye rangi ya buluu na shavu lote likawa buluu. Nililiona shavu lile kwa macho yangu, ndiyo maana mpaka leo siwezi kusema kwamba hakutupenda.

Baadaye neno jipya liliingia nyumbani kwetu: Ekspozisio. "Ekspozisio inakuja," Sudi alimwambia baba. "Bazungu wa Usumbura watafika." Nilidhani Ekspozisio ni jina la mtu, mkubwa kuliko bwana wa wilaya, na kwa kuwa Sudi alimtaja kila siku, nilidhani atalala kwetu. Nilifagia uani mara mbili kwa siku. Sudi alipogundua alicheka mpaka akakaa chini, akanieleza kwamba ni ukumbi utakaojazwa vitu vyote vizuri vya upande wetu wa ziwa, na watu watapita kuvitazama bila kuvigusa. Yeye alikuwa amepewa kazi ya kupanga ukumbi. Anayesimamia alikuwa mke wa mkubwa mmoja wa ofisi, ambaye sote tulimwita Madame tu.

Kwa majuma mawili tulikata samaki. Sudi alikusanya makopo ya maziwa na ya samaki wa Ulaya, akayapasua kwa mkasi wa bati, mimi nikayasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Tulitengeneza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa bati, mamia yao, kila mmoja na uzi wake. Katikati ya ukumbi aliweka mtumbwi mzima ulioletwa kutoka Kalundu, juu yake akatundika wavu, na kutoka kwenye wavu wakaning'inia wale ndagala. Upepo wa ziwa ulipoingia dirishani waligeuka wote kwa pamoja wakimetameta, na mtu aliyesimama chini alijiona yumo majini. Sijawahi kujivuna vile tena maishani mwangu.

Siku mbili kabla ya kufungua, mama alikwenda Sange kwa dada yake aliyekuwa amejifungua. Sudi alinikuta jikoni.

"Mwana, funguo ya sanduku ya mama iko wapi?"

Nikachochea moto.

"Siku tatu tu," akasema. "Mama atarudi, atakuta mukeka iko mahali pake. Halafu batu watamuambia: Mama Hamisi, tuliona kazi yako, hatujaona kama ile. Unazani hatafurahi?"

"Alisema nisimuambie muntu."

"Kwani minye ni muntu?" Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. "Minye ni mutoto wake."

Nilikwenda nyuma ya mtungi nikachukua ufunguo. Nililifungua sanduku kwa mikono yangu. Yeye alibaki mlangoni na hakuingia chumbani mwa mama, jambo ambalo wakati ule niliona ni adabu.

Siku ya kufungua nilivaa gauni la Idi. Kulikuwa na vyungu, vibuyu vilivyochorwa kwa moto, vikapu, ngoma ya yule mzee wa Bwegera, picha za Sudi za ziwa na milima. Kwenye ukuta wa mbele, peke yake, mkeka wa mama ulikuwa umetundikwa kwa misumari miwili. Chini yake palikuwa na kikaratasi chenye maandishi ambayo sikuweza kuyasoma. Nilijua herufi za chuoni tu, za Kurani, si za kizungu. Watu walisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine. Mimi nilisimama kando yake kabisa, karibu na ukuta, ili wajue kwamba nahusika.

Madame alikuja na wageni wake. Aliweka kidole karibu na zile alama nyeusi.

"Sudi, hii iko nini?"

"Iko njia ya samaki, Madame," akajibu Sudi, mikono mgongoni. "Samaki ya Tanganika wanapita hivi, wanafika kwenye nyavu, wanakwisha. Ni minye niliwaza ile mambo na kuichora. Mama mumoja wa kwetu alisuka tu."

Nikatabasamu. Nilielewa mara moja: alikuwa anaificha siri ya mama. Madame asingeweza kumjua Hamisi, kwa hiyo Sudi alimpa samaki. Nilimtafuta kwa macho ili ajue kwamba nimeelewa, lakini alikuwa anamtazama Madame tu.

Madame akasema maneno kwa kizungu, wageni wakacheka vizuri, na karani mmoja kijana akaja na kipande kidogo cha karatasi nyekundu, akakibandika kwenye kile kikaratasi chini ya mkeka.

Nilizunguka ukumbi wote kuhesabu. Vitu vinne tu vilikuwa na karatasi nyekundu. Enzi zile askari walivaa kofia nyekundu, na mbele ya kofia ile kila mtu alinyamaza. Kitu chekundu kilikuwa cha wakubwa. Kwa hiyo mama alikuwa ameshinda. Kati ya watu wote wa uwandani na milimani na ziwani, mama yangu alikuwa miongoni mwa wanne.

Sikuweza kulala wala kula vizuri kwa furaha. Siku ya tatu, jua likiwa bado kali, lori la mchele la Sange lilisimama barabarani na mama akateremka, siku moja mapema kuliko tulivyomtazamia, na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimkimbilia.

"Mama! Mukeka yako imewashinda wote! Wameiwekea karatasi nyekundu!"

Akasimama. "Mukeka gani?"

"Ya Hamisi! Iko ukutani, Mama, bazungu wote wanaiangalia, na Baba mudogo hakuwaambia siri. Alisema ni samaki!"

Mama aliteremsha ule mkungu polepole na kuuacha pale pale barabarani, kwenye vumbi. Hatukupita hata nyumbani. Alinishika mkono na kutembea upesi mpaka nikawa nakimbia.

Ukumbini walikuwa wanafungasha. Mtu mmoja alikuwa amepanda juu ya mtumbwi, anawakata ndagala mmoja mmoja na kuwatia guniani. Kwenye ukuta wa mbele ilibaki misumari miwili, na chini yake kile kikaratasi.

"Nimekuja kuchukua mukeka yangu," mama alimwambia yule karani.

Karani alitazama kikaratasi, akatutazama. Alikuwa kijana mwenye heshima, akavua hata kofia. "Mama, hii yenye karatasi nyekundu imekwisha kutoka. Nyekundu ni kusema kitu iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni minye."

"Hapa imeandikwa Sudi, Mama. Na Sudi aliitoa zawadi kwa Madame. Wameibeba asubuhi na motokari."

Mama alimwuliza ni wapi palipoandikwa Sudi. Karani akamwonyesha. Mama hakujua kusoma, lakini alikitazama kile kikaratasi kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

Nyumbani alifungua sanduku lake, akakaa mbele yake mpaka baba aliporudi kutoka sala ya alasiri. Sudi alifika baada yake kidogo, na kabla hajavua viatu alikuwa tayari ametoa bahasha mfukoni. Madame alikuwa amemwandikia barua. Angepokewa kwenye shule ya kuchora, kule Elisabethville, wa kwanza kutoka upande wetu. Uso wake uling'aa. Ndipo alipomwona mama amekaa sakafuni, na sanduku wazi mbele yake.

"Uliitoa," mama akasema.

Sudi alikaa. "Aliitaka. Madame aliitaka ile, siyo ingine. Bila yeye barua haiwezi kuandikwa. Ningefanya nini, shemeji?"

Hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita Mama siku zote.

"Ungeniambia," mama akajibu. "Ungeniambia tu. Ningekusukia ingine. Ningekusukia hata kumi."

Kisha akamgeukia baba, akamwomba aende kwa Madame. Baba alisugua paji la uso. "Naenda kubisha mulango ya muzungu, nimuambie nini? Arudishe zawadi aliyopewa?"

"Muambie mutoto wangu iko mule ndani."

Baba alitafuta swali la kuuliza, akalipata: "Nani alifungua sanduku?"

Palikuwa na kuku uani, anaparura. Sudi aliinua kichwa.

"Minye siwezi kufungua sanduku ya mwanamuke," akasema. "Mutoto aliniletea. Alisema mama amekubali."

Nilimtazama nikingoja acheke. Alinitazama moja kwa moja, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, wa kuosha brashi, wa kunibeba mgongoni.

Mama akaniuliza, "Ulisema vile?"

Nimelirudia jibu langu miaka mingi, nikijaribu kumwelewa yule mtoto. Nadhani nilikumbuka njia ya samaki. Nadhani niliamini kwamba Sudi anaficha tena kitu kwa ajili yetu, kitu kizuri ambacho sijakiona bado, na kwamba kazi yangu ni kusimama upande wake mpaka kionekane. Tulikuwa na jicho moja.

"Ndiyo," nikasema.

Mama hakunipiga. Alifunga sanduku, akainuka, akaenda kuwasha moto wa chakula cha jioni, kwa sababu watu walikuwa hawajala.

Siku zilizofuata nilimngoja Sudi anieleze. Alikuwa na mambo mengi, kuaga watu, kushonewa suruali, kwenda kwa daktari kupata cheti. Alipita karibu yangu na kunigusa kichwa kama kawaida. Mwishowe nilimvizia nyuma ya nyumba, alipokuwa anafunga brashi zake kwenye kitambaa.

"Baba mudogo, utasema lini?"

"Nitasema nini?"

"Kwamba siyo minye nilisema mama amekubali."

Aliendelea kufunga. "Weye uko mutoto," akasema kwa upole. "Batu hawakasirikii mutoto siku nyingi. Watasahau. Minye wasingenisamehe."

Akanipa ndagala mmoja wa bati, aliyebaki. "Chukua, ucheze."

Nilielewa pale. Sikulia wala sikumtukana, nilirudi ndani nikakaa nyuma ya mlango. Hapakuwa na siri yoyote nyuma ya yale aliyosema. Alikuwa amepima nani kati yetu angeumia kidogo, na akanichagua mimi, kwa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Watu walisahau kweli. Baba alinisamehe kabla ya mwezi kwisha. Mama peke yake ndiye aliyeanza kunituma nje kila alipotaka kufungua sanduku, na hakuwahi tena kuniambia neno akiongeza, usimuambie muntu.

Siku ya meli mtaa wote ulikwenda Kalundu. Sudi alikuwa kijana wetu wa kwanza kwenda kusoma mbali hivyo, na wanawake walipiga vigelegele tangu njiani. Mama alikuja pia. Alikuwa ameamka alfajiri kumkaangia ndagala na kumfungia mikate ya njiani, kwa kuwa safari ya meli mpaka Albertville, kabla ya kushika njia ya Elisabethville, ni ndefu na yeye ndiye aliyemlea. Alimkabidhi kile kifurushi mkononi. Sudi aliinama akasema "Mama," kwa sauti ya chini, naye akaitika kwa kichwa tu. Wapagazi walipita katikati yetu na magunia, na Sudi akapanda.

Nilikuwa nimejiapia kwamba sitamuaga. Nilikuwa nimeifumbata mikono nyuma ya mgongo tangu nyumbani. Lakini meli ilipopiga honi na kuanza kuachana na gati, nilimwona pale juu na shati lake jeupe, na mkono wangu ukanyanyuka. Nilipunga kwa nguvu zote. Nilisimama kwa ncha za vidole. Nililiita jina lake, na sauti yangu ilipotea kwenye kelele za watu.

Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini. Nilidhani atakasirika, nikabaki na mkono hewani, nisijue niufanye nini.

Hakukasirika. Alisogea akasimama nami, bega lake karibu na kichwa changu, akaelekeza macho kwenye meli. Sudi alikuwa amekwisha kugeuka, amelielekezea mgongo gati na watu wake wote, anamwonyesha barua yake abiria mmoja mwenye kofia.

"Shusha mukono, mwanangu," mama akasema. "Haangalii huku."